Njia ya Uani kwa Bi Rukia

Nyinyi chekeni tu, lakini mimi hadi leo nikiikumbuka Idi ile huona haya peke yangu. Mtu mzima, miaka arubaini na mbili, ndevu zishaingia mvi, kuitiwa mwizi katika mtaa nilikozaliwa na kutahiriwa!

Nilikuwa nimetoka Nakuru na binti yangu Nasra, wa miaka minane, kuja Malindi kula Idi na mama. Ila kulikuwa na jambo kubwa zaidi: mdogo wangu Athmani alitaka kumposa Salma, mjukuu wa Bi Rukia, jirani yetu wa nyuma, na kwa kuwa baba hatunaye tena (Mungu amrehemu), wa kwenda kusema ni mimi. Posa ilikuwa Idi pili, baada ya alasiri. Athmani hali, halali, kila akipita ananishika mkono, "Kaka, tafadhali, leo jitunze." Kana kwamba mimi ni mtu wa kuambiwa!

Asubuhi hiyo nikavaa kanzu mpya nikamtoa Nasra kumwonyesha nilikokulia, kisima tulichokatazwa kuchungulia, ukuta tuliokuwa tukiupanda kuiba kunazi (mkunazi wenyewe umekatwa, pamejengwa vyumba vya kupangisha), na furaha niliyokuwa nayo hata siwezi kuieleza. Tukafika nyuma ya kwa Bi Rukia, nikauona ule mlango mdogo wa uani.

"Hapa tulikuwa tukikatiza mbio mpaka duka la mabuyu upande wa pili," nikamwambia.

"Baba, hupigi hodi?"

"Hodi ya nini? Hapa ni kwetu." Nikausukuma.

(Mwenye akili kashaona nilichosahau: mtoto wa kiume hupita uani kwa watu mpaka anapobaleghe, na mimi nilibaleghe zamani mno.)

Ua umejaa wanawake, vichwa wazi, nyuso zimepakwa liwa, na Salma mwenyewe yuko katikati ya mkeka kanyoosha miguu, hina haijakauka. Yakapigwa mayowe ambayo nadhani hata ng'ambo ya mto Sabaki waliyasikia, na badala ya kurudi nilikotoka, mimi nikafumba macho kwa adabu, nikaenda mbele, nikakanyaga bakuli la hina, nikateleza, nikajikuta nimo ndani ya stoo ya makaa na mlango nimejifungia mwenyewe. Huko nje, "Mwizi! Mwizi!" Wanaume wanakuja mbio kutoka barazani, na sauti inayoongoza naijua.

"Yuko wapi nimvunje miguu!" Ni Athmani, na fimbo.

Bi Rukia akagonga mlango. "Nani wewe humo?"

"Shikamoo, Bi Rukia. Ni mimi Swaleh."

"Marahaba. Swaleh yupi?"

"Wa Bi Fatma. Yule... anayekuja kuposa alasiri."

Kisha nikasikia fimbo ya Athmani ikianguka chini. Nikatoka mweusi kwa makaa, na Nasra akawatangazia wote, "Mimi nilimwambia apige hodi."

Alasiri tukaenda vilevile, kwa mlango wa mbele, mimi nimeazima kanzu ya Athmani inayoniishia kwenye magoti, mguu mmoja mwekundu kama wa biharusi. Ami yake Salma akautazama ule mguu, akanitazama mimi, akarudi kwenye mguu. Maneno yote niliyoyapanga yakapotea. Athmani kainamisha kichwa, na mimi nilijua nimemharibia maisha mdogo wangu.

Ndipo Bi Rukia akasema kutoka nyuma ya pazia, "Huyu Swaleh kakulia uani kwangu. Kakaa bara miaka, nikasema kashatusahau. Leo kaingia bila hodi, nikajua bado ni wetu. Salma karidhia. Lakini Swaleh, baba, umekua."

Vigelegele! Athmani alilia, na mimi nililia zaidi yake.

Nimekoma. Siku hizi nikienda Malindi napita mlango wa mbele, napiga hodi mara tatu, nangojea barazani na wanaume wenzangu. Na kila nikisikia wanawake wakiangua kicheko huko uani, wala siulizi wanamcheka nani.