Jina Ambalo Msusi Hakulitaka

Mama yule alikuja kliniki siku ya Alhamisi, siku yangu ya kutafsiri. Nilimjua kwa sura, kama Wakongomani wengi wa mtaa wa Kamwokya, hapa Kampala, walivyomjua. Alikuwa msusi mwenye kibanda nyuma ya soko, na kwa wepesi wa vidole vyake wanawake walimfuata kutoka mbali. Mimi nakaa Kyebando, mtaa mwingine, na hata huko wenzangu kadhaa ninaoimba nao kwaya hawakukubali mtu mwingine awaguse nywele.

Kliniki yenyewe ni ndogo. Daktari wa siku hiyo ni mwanamke wa Kiganda, mpole, anayejua Kiingereza na Kiganda. Kiswahili chake ni kile alichosikia utotoni kwa askari, cha amri za simama na toa kitambulisho, hivyo hawezi kumuuliza mtu kwa lugha hiyo kama analala vizuri. Wagonjwa wake wengi ni watu wetu kutoka mashariki ya Kongo, ndiyo maana mimi niko pale. Zamani niliamini kwamba mtafsiri mzuri ni yule ambaye watu chumbani wanasahau kuwa yupo.

Msusi alisema kichwa kinamuuma. Daktari alipouliza zaidi, ikatoka kwamba halali, chakula kimekosa ladha, na mara nyingine anaacha kichwa cha mteja nusu, anaenda nyuma ya kibanda na kulia bila kujua analilia nini. Mteja anamfuata, anamkuta amekaa chini, kitana mkononi. Alieleza haya yote bila aibu, kama mtu anayeeleza kuvuja kwa paa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimwambie kwamba hiyo ni dipresheni, na kwamba inatibika.

Hapo ndipo nilipokwama. Neno dipresheni lilikuwa halimwambii kitu. Nilikumbuka neno nililosikia katika redio ya Tanzania, nikamwambia ana sonona.

Alinitazama. "Sonona? Ni mambo ya kushona?"

Nikajaribu tena. Nikasema ni ugonjwa wa akili, lakini wa kawaida, unaowapata watu wengi. Hakukasirika. Alimshukuru daktari, akanishukuru na mimi, akachukua mkoba wake na kwenda. Dawa hakuzichukua, na siku aliyopangiwa kurudi hakuonekana.

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Neno la ugonjwa wa akili si geni katika mji huu. Kampala nzima watu wanaitana wendawazimu kutwa. Dereva wa bodaboda akikatiza mbele ya gari anaitwa mulalu, yaani kichaa, naye anacheka na kuendelea. Ndani ya vibanda vya wasusi wanawake wanaitana hivyo hivyo kwa mapenzi. Vipi neno ambalo barabarani halimuumizi mtu limfukuze mama mzima chumbani, tena limesemwa kwa upole?

Nilimuuliza daktari. Alisema hata kwao, shangazi yake aliyekunywa dawa za akili miaka mingi aliwaambia majirani kuwa ni za presha. Akapendekeza tuliache jina kabisa, tuwaambie watu tu kwamba wana mawazo mengi. Tukafanya hivyo, na baadhi yao walirudi. Lakini alikuja mzee mmoja, zamani fundi wa redio huko Bukavu, ambaye alikataa mawazo yetu. "Mawazo kila mtu anayo," alisema. "Yangu yana jina gani?" Daktari alipomtajia jina, dipresheni, alilirudia taratibu, kisha akasema basi si laana, maana laana haina dawa ya kumeza. Alitoka kliniki amenyooka kuliko alivyoingia. Nikazidi kuchanganyikiwa. Jina lilelile lilikuwa limempa huyu pumzi na kumfukuza yule.

Majuma mengi yakapita. Siku moja nilikuwa Kamwokya kununua mihogo, nikasikia mtu ananiita. Alikuwa yule msusi, amesimama mlangoni pa kibanda chake. Aliniambia kichwa changu kinatia huruma, niingie anisuke. Nikaketi kwenye mkeka, kichwa changu katikati ya magoti yake, uso wangu ukitazama ukuta wenye picha za mitindo ya nywele. Hakukuwa na mteja mwingine. Alifanya mistari kadhaa, na nilihisi vidole vyake vimepungua kasi niliyosikia ikisifiwa.

Sikutaka kuanza. Mambo ya chumba cha daktari hubaki humo, na hilo nimeliapia. Alianza mwenyewe.

"Ulifikiri ile neno ilinishitua," alisema.

Nikakiri kwamba ndivyo nilivyofikiri, na kwamba nilitamani kujua ningesema nini badala yake.

Akasema neno alikuwa analijua kabla yangu. Alikuwa amejiambia mwenyewe, tena kwa maneno mabaya zaidi, kila siku alipoacha kichwa cha mtu nusu. Angeweza kulisikia kwa daktari, kwa sababu daktari hamjui, na jioni daktari anarudi nyumbani kwake, mahali asipopajua msusi. Shida ni kwamba lilitoka kinywani mwangu. "Weye unaimba na wateja wangu," alisema. Nikamweleza kiapo changu. Alisema anakijua, na anajua mimi si mtu wa kupeleka maneno. "Lakini siku tukigombana, je?"

Akagawa nywele, akavuta, akaendelea. "Kazi yangu ni vichwa ya watu, dada. Nani ataleta kichwa chake kwa mtu wa kichwa kibovu?"

Nilikuwa nimepima maneno yote ya Kiswahili niliyonayo, na ya Kifaransa, nikitafuta lililo laini kuliko mengine. Kumbe yeye alikuwa anapima masikio, ni nani anayelisikia. Nilimwambia yupo mtafsiri mwingine, Mtanzania, anayefanya kazi kwa simu, asiyemjua mtu yeyote Kamwokya. Aliponimalizia alikataa nimlipe, nikaenda zangu.

Alirudi kliniki wakati wa mvua, bila kuomba mtafsiri wa simu. Aliniambia nikae nje. Kiganda alikuwa amejifunza kwa wateja, Kiganda cha nywele na bei na umbea, na alitaka kukijaribu. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Nilisikia sauti yake ikipanda na kukwama, sauti ya daktari ikimsaidia, kisha wote wawili wakacheka. Ningetoa kitu kikubwa kujua walicheka nini. Alitoka na dawa ndani ya mkoba, akanipungia mkono kama anavyompungia mteja.

Baadaye nilimuuliza daktari yule mama aliuitaje ugonjwa wake mle ndani, kwa maneno yake mwenyewe. Daktari alitikisa kichwa. "Hilo si langu kukuambia." Nikaona aibu kidogo, na nikafurahi pia kwamba neno lake lilikuwa limehifadhika.

Msusi aliendelea kuja. Hakupona kama mtu anayepona malaria. Kuna wakati alifunga kibanda, ila mara hiyo alikuja mwenyewe kabla hajatafutwa. Wenzangu wa kwaya walisema vidole vyake vimerudi, bila kujua vilikuwa vimekwenda wapi.

Mwaka huu alikuja msichana mmoja, mgeni mjini, aliyesukwa vizuri sana. Nilimuuliza nani amemwelekeza. Akasema ni msusi wake, aliyemwambia kwamba hapa wanatibu uchovu ambao usingizi hauuondoi. Sijui kama hayo ni maneno ya msusi au ni ya msichana mwenyewe, na sikuuliza. Nilimuuliza kitu kingine, ambacho siku hizi namuuliza kila mtu kabla ya mlango kufungwa. Anataka niingie naye, nikae nje, au tumpigie mtafsiri wa mbali?

Alifikiri, akatazama benchi, akanitazama mimi.

"Ingia," alisema. "Lakini usiseme neno ambalo mimi sijalisema."

Tukaingia. Daktari akamkaribisha kwenye kiti cha karibu na dirisha, nami nikavuta changu nyuma kidogo, nikangoja aanze.