Nyenje Sikioni, Kisu cha Omobari na Obokano Ndani ya Boma la Msabato

Wakuu, heshima kwenu. Nimefika umri wa kuitwa babu hata na makanga wa matatu, kwa hivyo sina faida yoyote ya kuwadanganya.

Juzi daktari wa masikio mjini Kisii aliniambia huu mlio wa sikioni mwangu hauna dawa ya kuumaliza, ila kuna tiba ya sauti. Unavaa kifaa kidogo kinachovuma polepole, ubongo unazoea. Akaniuliza kama niko tayari kujaribu kitu kipya.

Kipya. Nilicheka mpaka akaandika kitu kwenye faili.

Ngoja niwaeleze.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nimemaliza form four, niko nyumbani Birongo. Wenzangu walikwenda Nairobi kutafuta kazi. Mimi niliitafuta nikiwa kitandani.

Nikaugua malaria, nikapewa kwinini ya kutosha. Homa ikaenda, lakini ikaacha mgeni kwenye sikio la kushoto. Mlio mwembamba kama wa nyenje, asubuhi mpaka asubuhi. Silali, sisomi, hata chakula kinanishinda. Hapo ndipo watu wa nyumbani walijua ni serious.

Kwa wasiojua: sisi Wakisii tulikuwa na omobari, mganga anayepasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu ili maumivu yatoke. Bila ganzi. Mjomba wangu wa Masimba alikuwa amepasuliwa, na kovu lake alilionyesha kama cheti.

Akamwambia mama, "Dada, kuna kitu kimefungiwa humo ndani. Kijana afunguliwe kitoke."

Mama akasema, "Kikiwa ni ubongo, nitashukuru kuuona."

Lakini akakubali. Omobari mmoja wa upande wa Suneka akaahidi kuja baada ya siku ya soko.

Mimi, mtu wa kulia nikinyolewa, nikaanza kuaga kuku.

Wiki hiyo hiyo nikatumwa kwa jirani yetu, Mzee Nyakundi, kuazima jembe. Nikamkuta akipiga obokano, kile chombo chetu kikubwa cha nyuzi nane. Kinanguruma kama nyuki ndani ya pipa.

Nikasimama. Nyenje hayupo.

Mzee akipumzika, nyenje anarudi. Akipiga, anapotea.

"Piga tena, mzee."

"Umekuja kuchukua jembe ama kucheza?"

"Nimekuja kuokoa kichwa."

Shida ni kwamba mama alikuwa Msabato wa kweli. Kwake obokano ilikuwa mali ya vilabu vya pombe, na haikuwahi kuvuka ua wetu. Nikamweleza: ni hiyo ama ni kisu.

Akafikiria. Wakuu, nilikuwa mwanawe wa pekee, na bado alihitaji kufikiria.

Akamenya ndizi za kupika, karibu sufuria nzima, ndipo akasema, "Kisu kitaumiza kichwa chako. Hicho chombo kitaumiza jina langu kanisani." Akamenya nyingine. "Jina litapona. Mwambie mzee aje. Lakini mlango ufungwe, na siku ya Sabato asikanyage hapa."

Omobari alipofika akapewa chai, akaelezwa. Hakukasirika. Alikitazama tu kichwa changu vile unavyotazama avokado ambayo haijaiva.

Mzee Nyakundi akawa anakuja jioni. Nisiwadanganye, sikupona. Ila nilianza kulala, na polepole nikaacha kumsikiliza yule nyenje.

Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi nyenje alilipiza kisasi.

Jumamosi moja nilijilaza, mto juu ya kichwa. Mama akarudi kutoka kanisani, akaniangalia, akakaa mlangoni na Biblia magotini. Akaanza kuimba wimbo wa Sabato, kwa sauti nzito ya chini, ya kukwaruza kooni.

Nyenje akanyamaza.

Nikatega sikio vizuri. Maneno yalikuwa ya Yesu. Tuni ilikuwa ile ya pombe, ya Mzee Nyakundi, na hakukosea hata mahali pamoja.

Nikauondoa mto kichwani, nikalala.

Nilichojifunza: kabla hujakubali kufunguliwa kichwa, sikiliza kwanza kilicho karibu nawe.

Kifaa nimekubali. Daktari anasema nichague sauti: mvua, mto au upepo. Ninayoitaka mimi haimo.

Waliowahi kuvaa hivyo vifaa, mlichagua ipi? Na wenye kovu la omobari karibuni pia, mradi mje mmevaa kofia.