Suti ya Mwalimu Siku ya Kura

Mwaka ule kanisa lilikuwa limeezekwa mabati mapya. La, hapo nimekosea. Mabati yalikuja mwaka uliofuata, maana siku ya kura ndoo bado ilikuwa imewekwa kati ya benchi la tatu na la nne, ikikinga matone. Basi ulikuwa mwaka wa kabla ya mabati, na fundi cherehani aliyeitwa Sentimita alikuwa ametimiza miaka hamsini na miwili.

Jina hilo alilipata kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Alikula nayo, alipiga soga nayo, na mara mbili alikwenda nayo mpaka mezani pa Bwana bila habari. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kung'olewa vipuri, meza ya kukatia yenye alama za pasi, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa mkali, na alimwachia sheria moja: nguo ya mteja unaweza kuijaribu mwilini mbele ya kioo, ila isivuke kizingiti mpaka ivuke na mwenyewe. Mafundi wengine walivaa suti za watu harusini, kisha Jumatatu wakazipiga pasi kama hakijatokea kitu. Sentimita aliwacheka. Miaka thelathini hakuwahi kufanya hivyo.

Sasa mzee mmoja wa kanisa alihamia mbali, nafasi yake ikabaki wazi, na majina matatu yakapendekezwa. La Sentimita lilikuwamo. Mchungaji akasema Jumapili kila mmoja atasimama mbele ya watu aseme jambo moja tu analomwomba Mungu, halafu watu waandike kura.

Kusema kweli, kazi yenyewe ya uzee wa kanisa Sentimita alikuwa akiifanya tayari. Wagonjwa aliwatembelea, na wanandoa waliogombana walipatanishwa hapo hapo dukani huku akitia vifungo. Alichokitaka ni lile benchi la mbele wanapoketi wazee. Na alitaka shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye miaka yote alimwita "mshona viraka", siku moja aone haya na amwite mzee. Hilo hakulisema kwa mtu. Wiki nzima alikanyaga cherehani akiomba hekima, tena kwa moyo safi kabisa, kwani hakuona kama vitu hivyo viwili vinagombana.

Jumapili asubuhi alitoa koti lake la kahawia. Viwiko vilikuwa vinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Ukutani ilining'inia suti ya kijivu ya mwalimu mmoja mstaafu, iliyobakiza kazi ndogo tu. Mabega ya mwalimu, kifua, urefu wa mkono, vyote vilikuwa sawa na vyake. Aliligundua hilo siku ya kumpima.

Mkewe alimkuta anafunga vifungo.

"Baba watoto, hiyo si ya mwalimu?"

"Naijaribu."

"Unaijaribu mpaka kanisani?"

"Mwalimu goti limemweka ndani, mwezi wa pili huu hatoki. Mchana nitakuwa nimeshaivua."

"Haya bwana. Ukimwagikiwa chai usiniite."

Zamu yake ilipofika alisimama mbele, mikono ameikunja kwa adabu. Akasema, "Ndugu zangu, mimi siombi mali wala cheo. Naomba hekima." Watu wakaitika amina. Kutoka karibu na mlango ilikuja amina moja iliyochelewa, nzito, ya mtu aliyezoea kuitikiwa darasani. Sentimita akainua macho. Mwalimu alikuwa ameketi pale, fimbo katikati ya magoti, kavaa sweta lake la zamani. Hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anayatazama mabega, taratibu, kama mtu anayekagua mali yake.

Vikaratasi vikagawiwa, vikaandikwa, vikakusanywa kwenye kikapu cha sadaka. Sentimita alimshinda fundi bomba, mmoja wa wale watatu, kwa kura moja.

Nje, watu walipokwisha kumpongeza, mwalimu alimsogelea akichechemea.

"Hongera, mzee wetu. Hebu geuka."

Akageuka. Kwenye mpasuo wa nyuma wa koti kulikuwa na bandi, zile nyuzi nyeupe za kushikilia kitambaa kwa muda, zimekatiza kama alama ya kukosa. Ibada nzima alikuwa amezibeba mgongoni.

"Hii bandi huitoi?"

"Naitoa, mwalimu. Ni... naitoa."

"Mabega yamekaa. Ila mkono wa kushoto naona umezidi, au ni macho yangu?"

"Umezidi. Nusu sentimita."

"Basi nitakuja goti likitulia," akasema mwalimu, akaondoka na fimbo yake.

Hakukaripia. Hakuangua hata kicheko. Sentimita angejua la kufanya kama angekaripiwa.

Jioni ile shemeji alikuja na kumwita mzee mara tatu kabla ya kuketi. Ya kwanza ilikuwa tamu. Ya tatu ilikuwa kama muwa uliokwisha kutafunwa. Siku mbili fundi alikaa na ule mkono wa kushoto wa koti mapajani, akiufumua na kuushona upya ingawa ulikuwa umeshakaa sawa. Siku ya tatu alikwenda kwa mchungaji, mkewe akimwambia mgongoni kwamba hakuna aliyemwuliza, ya nini kujivua nguo mbele za watu.

"Kwa sababu ya suti tu?" mchungaji alishangaa.

"Kwa suti, na kwa lile neno nililolisema nikiwa ndani yake."

"Watu wamekuchagua wewe. Hawakuchagua kitambaa."

"Walimchagua yule aliyesimama pale, mchungaji. Mimi mwenyewe simfahamu vizuri."

Jumapili iliyofuata alisimama na koti la kahawia akaeleza yote, hata bandi. Wengine walicheka, mama mmoja akaguna kwa huruma, na fundi bomba akapewa nafasi. Shemeji alirudia "mshona viraka" kabla hawajafika nyumbani. Wagonjwa waliendelea kutembelewa kama kawaida.

Siku chache baadaye mwalimu alikuja kuchukua suti. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo chenye ufa, akasema sasa hata goti linaonekana la kijana. Sentimita alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akipima pindo la suruali. Akazitoa pini, akauliza. Mwalimu akanyanyua mguu wa pili upimwe. Baadaye fundi alimwuliza tena, mara mbili wakiwa njiani, na mara moja kando ya kitanda chake, miaka ile mwalimu alipokuwa hainuki tena. Kila mara mwalimu alitabasamu tu, akahamia habari nyingine. Kumbe swali lenyewe lilikuwa fupi:

"Mwalimu, ulishaniona ndani ya suti yako kabla hujaandika kile kikaratasi. Uliandika jina la nani?"