Ngozi Ambayo Mke Wangu Alikataa Ikatwe

Shida ilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Mzungu mwenye duka la nguo nilikokuwa nashona aliondolewa na serikali, duka likapewa mkubwa mmoja wa chama, naye akauza vitambaa, rafu, hata milango. Mimi nikabaki na cherehani moja ya kukanyaga. Niliipakia kwenye pusupusu, nikaisukuma mpaka chumba chetu katika mtaa wa Kasuku. Shule nilisoma miaka mitatu tu, lakini sikumlilia mtu.

Chumba kilijaa kunguni, na mchwa walikula vitambaa vya wateja. Tukafanya kama mtaa mzima: tukanunua sokoni unga mweupe wa kuua wadudu, ule uliotoka kwenye maghala ya pamba. Mke wangu alikuwa na mimba changa. Aliunyunyiza kitandani na chini ya mikeka, akauchanganya hata na maharagwe ya kuweka. Hakuna aliyetuambia neno.

Mtoto alipozaliwa, mkunga alimsogeza kwenye mwanga, akamtazama tena. Jirani akapiga kelele mlangoni:

"Njo mwanaume ao mwanamuke?"

"Ni mwanaume," mkunga akajibu, "lakini kazi haijamalizika."

Tundu la mkojo lilikuwa chini, katikati ya uume, si kwenye ncha. Kokwa moja haikuwa imeteremka. Jirani akaingia, akaona, akashika mdomo, akaanza kunong'ona mambo ya uchawi. Mke wangu, damu haijamkauka, akamfunika mtoto na kumwambia jirani: "Umemaliza kuangalia? Haya, niletee maji ya moto."

Wiki hiyohiyo alimbeba mpaka hospitali. Daktari alimpima, akasema: "Mama, musimutahiri. Ile ngozi ya mbele njo kitambaa changu. Akikua kidogo, nitaitumia kushona njia ya mukojo." Mimi ni fundi wa nguo. Nilielewa palepale.

Lakini baba yangu aliishi kijijini, Pangi. Kwetu mvulana anapelekwa bwali, kambi ya tohara msituni, pamoja na wenzake. Asiyepita huko hahesabiwi mwanaume, hata awe na mvi. Mtoto alipofika umri, baba akapanda lori, akaja kumchukua. Angemchukua, ile ngozi ingebaki msituni, na mwanangu angekojoa akichuchumaa maisha yake yote. Kama angezaa, Mungu njo anajua.

Tena kwetu mwanamke hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Anakaa nyuma ya mlango, anamwambia mume, mume anapeleka. Basi nilikaa katikati yao kama nguzo.

"Mwambie baba mutoto haendi."

"Mwambie muke wako mimi si kiziwi. Na sikupanda lori kuja kunywa chai."

"Mwambie chai iko, anywe tu."

Kabla sijafungua mdomo walikuwa wameshajibizana. Halafu mkono wa mke wangu ukatokea mlangoni, mkono peke yake, umeshika abakosti, ile koti ya wakubwa, niliyokuwa namshonea ofisa mmoja, pamoja na kipande kidogo cha kitambaa na mkasi wangu.

"Mwambie baba hii koti haina bado mifuko, na kitambaa kilichobaki njo hicho tu. Akikate, akitupe. Kisha atuambie mifuko tutaishona na nini."

Baba aliigeuza ile koti, akatafuta mahali pa mifuko, akakipima kile kipande kwa kidole. Mkasi hakuugusa.

"Huyu mwanamuke ulimutoa wapi?"

"Kwa watu wa reli, baba."

"Hao hawana haya." Akacheka mpaka akakohoa. "Basi, daktari akate na ashone siku moja. Mimi nitakaa inje. Hiyo njo bwali yake. Wa kijijini atakayebisha, aje kwangu."

Daktari alifanya kazi kwa awamu mbili: kwanza njia ya mkojo, baadaye kokwa. Baba alikaa barazani na jogoo aliyemleta kwa karamu ya bwali, akiimba nyimbo za kambi, mpaka muuguzi akamwambia: "Tata, hapa ni kwa wagonjwa." "Na mimi namuimbia mugonjwa," akajibu, akaendelea. Siku mrija wa mkojo aliowekewa ulipotolewa, mtoto alisimama, akakojoa mbele moja kwa moja, akalowesha ukuta na kiatu cha muuguzi. Baba alipiga vigelegele kama mwanamke wa arusi.

Miaka mingi baadaye, daktari mwingine alitueleza. Tumboni, mwanzoni, watoto wote wanafanana. Halafu mwili wa mvulana unatuma ujumbe, wanauita homoni: uume ukue, njia ifungike mpaka kwenye ncha, kokwa ziteremke. Dawa kama ule unga zinaweza kuingia kati na kuuvuruga ujumbe huo, tena mapema, kabla tumbo la mama halijaonekana.

"Basi ni unga wetu?" nikauliza.

"Siwezi kuapa, mzee. Wengine wanazaliwa hivyo bila unga wowote."

Mke wangu hakulia. Kesho yake alikwenda sokoni, akasimama mbele ya meza ya unga, na kila msichana aliyekuja na tumbo ao na pete mpya alimwambia: "Maharagwe weka na majivu. Hii acha."

"Mama, unaniharibia biashara!" muuzaji akalalamika.

"Kwa hiyo nikae kimya uniharibie wajukuu?"

Alifanya hivyo mpaka magoti yalipomshinda. Wakubwa wa chama nimewapima mabega na viuno, nimewashonea koti za sikukuu. Hakuna niliyempa heshima ninayompa huyu mwanamke.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Nina cherehani tano na pikipiki moja ya kubeba watu. Nina shamba la mpunga ng'ambo ya Lualaba. Mwanangu ana nyumba yake, mke, na watoto watatu aliowazaa mwenyewe.