Mistari Iliyonenepa

Wanaofuatilia katuni zangu mtandaoni hupenda kuniuliza niliamua lini kubadili mtindo. Swali hilo hunikera, na huwa nalijibu kwa uongo. Nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi wa chuo hapa Dodoma nikawaambia kwamba mchoraji akikua hujifunza kuacha vitu. Walipiga makofi. Ukweli ni kwamba sikuamua chochote.

Nilianza na kalamu ya wino na daftari la shule. Nilikuwa nachora, napiga picha kwa simu, natuma. Mhusika alikuwa mmoja tu, mwanamke wa kijijini anayegombana na kila kitu: kuku, jua, mwenyekiti wa kitongoji, mfuniko wa sufuria. Alikuwa mama yangu, wala sikuficha. Siku hizo nilijaza ukurasa mpaka pembeni. Ukitazama katuni za mwaka wa kwanza utaona maua ya kanga yake moja moja, punje za uwele kwenye ungo, hata nyufa za visigino. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kwake, Chamwino, nikampa simu asome kabla ya mtu mwingine yeyote. Kusoma kwake kulikuwa ugomvi mtupu.

"Hiki kiti cha nani? Mimi sina kiti kilichovunjika mguu. Futa!"

Nilifuta.

Kama wazee wengi wa kwetu, mama alikuwa na vikope. Kope zake zilijipinda kuelekea ndani, zikamkwaruza jicho kila alipopepesa. Alivaa shingoni kikoleo kidogo kilichofungwa kwenye uzi, na mchana, jua likiwa kali, alikaa mlangoni akanipa kazi ya kuzing'oa. Alisema mkono wangu hautetemeki, ndiyo maana nikawa mchoraji. Baada ya wiki chache zilichipua tena, fupi na ngumu zaidi. Nilimwambia twende hospitali. Akasema baada ya palizi. Palizi ikaisha, akasema baada ya mavuno. Nami, niseme kweli, sikukazana. Nilikuwa na kurasa za kumaliza.

Siku moja akasema, "Mwanangu, haya maua yananichanganya."

Nikayapunguza. Mwezi uliofuata akauliza kile kilicho nyuma yake ni mbuzi au jiwe. Nikaondoa kila kilichokuwa nyuma. Maneno nikayaandika makubwa, kisha makubwa na machache. Nikaacha daftari nikaanza kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha simu, kwa sababu huko ningeweza kukoleza weusi nilivyotaka. Visanduku sita vya ukurasa vikawa vinne, vikawa viwili. Mstari ukanenepa, ukanenepa tena.

Wasomaji wakaongezeka. "Sasa amepata mkono wake," waliandika. Mmoja alisifu ujasiri wangu wa kuacha nafasi nyeupe. Ujasiri gani! Nilitamani kuitupa simu ukutani. Kila waliponisifu, mimi nilijua ni kiasi gani cha macho ya mama kimeshakwenda, na hapakuwa na kitu ninachoweza kufanya isipokuwa kuongeza unene wa kalamu.

Hatimaye alikubali, tukaenda. Daktari, binti mpole aliyemwamkia shikamoo kwa kupiga goti, alimgeuza kope na kummulika kwa tochi. Kisha akaniita pembeni. Alisema upasuaji wa kope ni mfupi na utazuia kukwaruza, lakini kovu lililokwisha kuota kwenye mboni halitaondoka. Nilimuuliza mara tatu kwa maneno tofauti, kana kwamba nikilipanga swali vizuri jibu litabadilika. Halikubadilika. Mama alifanyiwa, maumivu yakaisha, na kwa hilo alishukuru sana.

Mwezi uliopita nilimpelekea ukurasa mpya. Kisanduku kimoja, uso mmoja, mistari minene kama kidole, maneno matatu. Nilijiambia huu hataukosa. Tulikuwa uani, asubuhi, kumekucha vizuri. Nilimpa simu, naye alipoishika, kidole gumba chake kikabonyeza kitufe cha pembeni. Kioo kikazima. Nikanyoosha mkono niiwashe, lakini alikuwa ameshaiinua usoni. Aliisogeza mbali kidogo, akairudisha karibu, akacheka kile kicheko chake cha kifuani.

"Leo umeniweza, mwanangu," akasema. "Na hii pua! Umeipatia kabisa."

Alikuwa anatazama kioo cheusi tii. Nilijaribu kuhesabu ni miezi mingapi amekuwa akicheka hivyo kwa ajili yangu, huku mimi nikinenepesha mistari, nikashindwa. Nilitaka kulia, hata hilo likanishinda, maana angenisikia.

"Asante, mama," nikasema, na sauti yangu nikaichangamsha kadiri nilivyoweza.