Bunduki Aliyonichagulia Mtani

Kabla sijafika kwenye bunduki niseme kwanza habari ya mabega, maana watu hudhani bunduki huchaguliwa kwa jicho. Mimi ni mfupi. Baba alikuwa mfupi, na kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mfupi kuliko sisi wote, wala hatukuona kama ni kasoro, kwa sababu ng'ombe hachungwi kwa urefu. Mtani wangu ni mrefu. Akikaa kwenye kigoda magoti yanamkaribia kidevu. Shikeni hilo, mengine nitayaleta.

Mimi ni Mgogo, yeye ni Mhehe, na kwetu utani wa makabila haya mawili si wa kuombana ruhusa. Tulijuana siku ya kwanza tu tukaanza kutukanana. Kila akija kwangu Ipagala nilikuwa namwita mbwa wangu ndani kwa sauti kubwa, ili mgeni asikie kwamba nyama ile haiuzwi, maana Wahehe tunawatania kuwa wanakula mbwa. Naye, kwa kuwa wao hututania Wagogo kuwa ni ombaomba, akipita na kuniona nimesimama barabarani alikuwa ananitupia sarafu, anasema, "Chukua, mtani, leo umewahi kuomba." Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, lakini shikamoo alikuwa hanipi, wala sikuidai. Aliniita mtani. Mbele ya wakwe zangu, mtani. Kanisani, mtani. Jina langu sidhani kama alilijua vizuri.

Alikuwa askari wa wanyamapori. Alipostaafu alirudisha bunduki ya kazi, akabaki na mikono isiyojua pa kukaa. Nilimwona mara nyingi akishika fimbo na kuielekeza kwenye njiwa, halafu anaishusha kama mtu aliyeona haya. Baadaye akapata kibarua kwenye kiwanja kimoja cha shabaha nje ya mji, mahali ambapo mashine inarusha sahani ndogo za udongo angani na watu wanazipiga zikiruka. Wanaokuja ni hawa waliohamia mjini kwetu pamoja na serikali, na vijana wao wenye miwani ya njano. Yeye alikuwa mwangalizi: anawaelekeza, anarusha sahani, anaokota vigae. Kupiga, hapana. Hakuwa na ya kupigia.

Na mimi je? Ujanani nilitembea na wawindaji waliokuja nyika za upande wa Bahi. Nilitangulia kutafuta nyayo na kurudi nimebeba bunduki za watu. Bega langu limebeba bunduki nzuri nzuri, ila kwa mkanda, siyo kwa kitako. Darasa nimeishia la tatu, lakini mlio wa kanga aliyeona chui na wa kanga aliyeona mtu naujua tofauti yake. Kwa hiyo nilikuwa na hamu moja ya kizee, na sikuificha: kabla macho hayajanikatalia, nipige kanga mmoja kwa bunduki yangu, kwa kibali changu, nimlete nyumbani nimemshika miguu. Basi. Shamba letu la uwele lilipogeuka viwanja vya watu tuliuza kipande, watoto wakapata chao, mke wangu akapata tangi la maji, nami nikasema hii sasa ni zamu yangu.

Kibali sitakisimulia, kila aliyezunguka ofisi anakijua. Nilipokipata, mtu wa kwanza kumwambia ni mtani. Akasema, "Usiende peke yako. Watakuuzia mtwangio."

Dukani tulikuta shotigani za kila namna. Nilimweleza muuzaji kwamba nataka moja tu, ya kanga na kwale wakati wa msimu, na hiyohiyo nikapige sahani kiwanjani, maana mzee hawezi kufuga bunduki mbili kama mwenye wake wawili. Mtani akaanza kunifundisha, na nasema kweli, alinifundisha vizuri. Alisema nisichukue ile ya mtutu mmoja, nyepesi, kwa sababu kwenye sahani unapiga mara nyingi na bega litavimba. Alisema ile ya kukoki kwa mkono ni nzuri lakini mchanga wa kwetu utaiingia. Alisema nichukue ya mitutu miwili iliyopandana, namba kumi na mbili, risasi zake za marisau, zile chembechembe za kutawanyika, zinapatikana popote, tena iwe ile ambayo mdomo wa mtutu unaweza kubadilishiwa kipete cha ndani: cha kubana marisau kwa kanga wa mbali, cha kuyaachia yatawanyike kwa sahani za karibu. Yote hayo nimekuja kuyauliza kwa watu wengine baadaye. Ni kweli tupu. Ndiyo maana inauma. Mtu akikudanganya kila neno unamshtukia. Huyu alinipa gunia la mahindi mazuri na jiwe moja katikati.

Kulikuwa na mbili za namna ileile. Ya kwanza nilipoiinua, ilikuja yenyewe shavuni, kama mtoto anavyojua pa kulaza kichwa. Mtani akaichukua mkononi mwangu.

"Hii ya wanawake," akasema. Akainua ya pili, akaiweka begani kwake, akafuata ndege asiyekuwepo kutoka kona ya dari mpaka mlangoni. Akarudia. Nilimwangalia nikafurahi jinsi alivyopendeza. Muuzaji akaniambia mzee hebu na wewe iweke begani, na kabla sijanyoosha mkono mtani akajibu badala yangu: "Bunduki ni kama kiatu kipya. Bega litazoea."

Nikalipa.

Bega halikuzoea. Kila nilipoiinua kitako kilinasa kwapani, kwenye koti, na kilipofika begani shavu langu lilikuwa mbali nacho, na shingo yangu imenyooka kama mbuzi anayefikia jani la juu. Msimu ulipofunguliwa tulikwenda na kibali cha kuwinda ndege kule nyikani, kanga wakaruka wengi mbele yangu, wanene, wazito, wanaoruka kama wanawake wa kwaya wanaochelewa ibada, na mimi nikapiga mawingu. Mtani akanipa pole. Akasema wapo watu wa kufuata nyayo na wapo watu wa kulenga, na Mungu hagawi vyote kwa mmoja. Nilimwamini. Jamani, nilimwamini kiasi cha kurudi nyumbani na kumwambia mke wangu kwamba mimi siyo mtu wa kulenga. Mke wangu alisema, "Umejuaje, kwa siku moja?"

Kiwanjani ikawa vilevile. Kanuni ya pale inaruhusu mtu apige kwa bunduki ya mwenzake, mwenyewe akiwa amesimama palepale. Basi nikawa nasimama palepale. Mimi napiga sahani chache, zinaanguka nzima, halafu mtani anasema lete nikuonyeshe, na akionyesha zinageuka vumbi, moja baada ya nyingine. Wale vijana wa miwani ya njano wakaanza kumwita fundi. Palipokuwa na mashindano na zawadi ya mbuzi, mbuzi alichukua yeye. Mimi nilipewa mguu. Nilikula na nikamsifu. Nami nikarudi kwenye kazi yangu ya ujana, kubeba bunduki kwa mkanda mpaka kwa mpigaji, tofauti ikiwa hii niliisafisha mwenyewe.

Halafu kaka yangu akafa.

Tulimzika kijijini, upande huohuo wa Bahi, mvua zikiwa zimekwisha na majaruba yanaanza kupasuka. Na msiba wa kwetu bila watani haujakamilika. Wao ndio wanaoruhusiwa kuchekesha, kumwiga marehemu, hata kukalia kaburi lisifukiwe mpaka wapewe kitu. Mfiwa hakasiriki. Akikasirika yeye ndiye mwenye aibu. Mtani wangu alikuja, na alifanya kazi yake, sitamnyima hilo. Alivaa koti la marehemu likamwishia viwikoni, akatembea kwa mwendo wa kaka akitafuta ugoro, hata sisi tuliokuwa tunalia tukatabasamu.

Kisha akachukua mpini wa jembe, akaniiga mimi. Akaunasisha kwapani, akanyoosha shingo, akafumba jicho la kulengea, akafyatua kwa mdomo. Watu wakacheka. Akawageukia, mpini begani sasa umetulia sawasawa.

"Mnajua kwa nini hapigi hata kichuguu?" akasema. "Bunduki nilimchagulia ya bega langu. Nimeoa mimi, mahari katoa yeye."

Uwanja mzima ulicheka. Shemeji yangu, mjane mwenyewe, alicheka mpaka akashika mkeka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mumewe afe. Sasa ningefanya nini? Nilicheka. Kinywa kilicheka, na mkono nikautia mfukoni nikatoa kitu cha kumpa, kama desturi inavyotaka. Nimelipa mara ya pili, nikawaza, kwa bunduki ileile.

Jioni nilimkuta nyuma ya zizi ananawa miguu. Nikamuuliza kama lile neno lilikuwa utani.

"Mtani," akasema, bila kuinua uso, "ya msibani yaache msibani."

Basi hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Kwa sababu utani una mlango huo: ukweli unaweza kupita humo umevaa koti la marehemu, na huwezi kuukamata. Inawezekana alitunga kwa ajili ya kuchekesha tu, na kweli mimi ni mbovu wa shabaha. Ikiwa ni hivyo nimkasirikie nini? Rafiki wa miaka mingi, aliyekesha nami siku ng'ombe wangu walipopotea, aliyeniletea samaki wa Mtera kila alipopita huko, perege wakubwa, aliyembeba mke wangu kwa pikipiki kwenda hospitali wakati mimi nimesimama nimeganda. Nilitaka awe amenitania. Nasema wazi, nilitaka hivyo kuliko nilivyomtaka yule kanga.

Nikaipeleka bunduki kwa fundi anayetambulika, na karatasi zake zote. Nilitaka kitako kikatwe. Akaniambia niiweke begani, akaangalia, akaniuliza nani aliipima siku ya kununua. Nikasema rafiki. Alikata kipande cha upana wa vidole viwili hivi, akarudishia mpira wa nyuma, na kile kipande akanipa kama mtu anavyopewa jino lake. Kipo nyumbani, mke wangu anazuilia mlango wa jikoni upepo ukivuma.

Jumamosi nikaenda kiwanjani. Nilijiambia hivi: akiiinua akakuta fupi, kama lile lilikuwa utani atacheka. Atanitukana. Atasema Mgogo kaomba ubao wa bunduki akautie kwenye uji. Nilikuwa nimeandaa hata jibu, linahusu mbwa, zuri sana.

Alinipokea kama kawaida, mtani huku, mtani kule, akachukua bunduki aanze kuwaonyesha vijana wawili wageni. Akaiinua haraka kwa ule mwendo wake mzuri. Kidole gumba kikamgonga pua. Akaishusha. Akaiinua tena polepole, akaikunja shingo yake ndefu juu ya kitako, haikukaa. Akaigeuza, akaangalia pale nyuma, mbao ilipokuwa bado nyeupe karibu na mpira. Akapapasa pale kwa kidole.

Nilisubiri. Wale vijana nao walisubiri, hawajui nini.

Akanirudishia kwa mikono miwili, kama anavyowapa wageni. Akaenda kusimama kwenye mashine, akanigeuzia mgongo.

"Sahani ngapi, mzee?" akauliza.

Nikamwambia tano. Ya kwanza ilivunjika, na ya pili. Kanga nimempata msimu uliofuata, nilikwenda na watu wengine. Nikipita kiwanjani siku hizi ananiita mzee na kunipa shikamoo, na mimi naipokea.