Nyuki wa Ndugu Yangu

Baba alitununulia akala, vile viatu vya matairi, jozi moja kwa watoto wawili. Mguu wa ndugu yangu mkubwa ulikuwa umeshazipita, kisigino kinakanyaga mchanga, lakini zilikuwa zetu sote. Jumapili moja avae yeye aende kanisani, Jumapili nyingine mimi. Zamu yake ikifika ananisukumia akala, ananiambia niende, nisikilize vizuri nije nimweleze, mama asije akamuuliza akakosa jibu. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, lakini mahubiri ya utotoni nayakumbuka mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nayabeba ya watu wawili.

Yeye alibaki na nyuki.

Alirithi mizinga ya babu, yale magogo yaliyochongwa ndani, ameitundika kwenye migunga kutoka kwetu mpaka mtoni, huku upande wa Ikutha. Watu waliookoka hawakutaka kusikia pombe ya asali, lakini kijana wao akitaka kuoa walimjia kimyakimya na kibuyu, maana kwetu mahari bila asali ni aibu. Aliwajazia huku anacheka. Alikuwa mtu wa kucheka.

Ndiye aliyenifundisha kwamba nyuki hawazidi maua. Mvua ikinyesha, migunga ikichanua, mzinga unajaa hadi wanagawanyika, wengine wanaondoka na malkia kutafuta kwao. Kiangazi kikikaza wanapungua, na wakikosa akiba wanahama. Kwa hivyo hakukomba mzinga wote hata siku moja. Mke wangu alimwita bahili.

Halafu ikaja ndengu, yaani choroko. Bei ilikuwa nzuri, kila mtu akalima ndengu, na wadudu wakazaana, maana tumewaandalia chakula shamba hadi shamba. Watu wakanunua pampu za mgongoni. Dawa walipiga asubuhi, jua halijachoma, ndengu ina maua. Sasa huo ndio wakati nyuki wako shambani.

Ndugu yangu alisimama kanisani wakati wa matangazo akaomba watu wapige dawa jioni, nyuki wakisharudi. Jirani yetu mwenye shamba kubwa akamjibu kwamba jioni ni ya kuteka maji na kufunga mbuzi. Kisha akasema, "Hao nyuki wako wafunge kengele. Tukisikia, tutangoja wapite."

Kanisa zima likacheka. Niliinuka nikasema anachoomba ni kitu kidogo, lakini wimbo ulikuwa umeshaanza.

Wiki ile tuliwakuta nyuki chini ya migunga, wengine bado wanazunguka mchangani kwa mgongo. Kuku waliwadonoa, na kuku nao wakalegea. Wale wachache waliobaki hawakuweza kulinda mizinga, nondo wakaingia wakaharibu masega. Ndugu yangu alipanda kila mti, akashuka.

Msimu uliofuata maboga yalichanua manjano shamba zima, na vitunda vikadondoka vikiwa kama kidole gumba. Matikiti vilevile. Funza wa ndengu walirudi wengi kuliko kwanza, kwa sababu ile dawa iliua pia nyigu na buibui waliokuwa wakiwala. Yule jirani akaja kwetu, safari hii hana mzaha, akauliza kama nyuki wanaweza kurudishwa.

"Nyuki hutoka kwa nyuki, mzee," ndugu yangu akamwambia. "Mimi siwazai."

Bado aliipaka mizinga nta, akaitundika tena, akangoja kundi lolote linalopita. Nilikuwa namwona amesimama chini ya mgunga, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mvua ikaja, maua yakaja. Mizinga ikakaa kimya.

Asubuhi moja alipita kwangu amevaa koti, na joto lote lile. Chai ilikuwa jikoni, nikamwita aingie.

"Niwekee," akasema.

Nilidhani anaenda sokoni. Akateremka mtoni, maji yalikuwa yameshakauka, akavuka mchanga, akapanda ng'ambo bila kugeuka. Mpaka leo hajarudi.